Mzee Akilalamika Miguu Inakufa Ganzi, Anzia Wapi?

Mzee wako anasema nyayo zinawaka moto usiku, au vidole vinamchoma kama anadungwa sindano. Pengine halalamiki kabisa, ila unaona kandambili imemvuka na yeye anaendelea kutembea, hana habari. Nyumbani wataambiana ni uzee, ni baridi, au amekanyaga kitu kibaya. Kabla hamjakubaliana, mpelekeni akapimwe. Ganzi huwa na chanzo, na vyanzo vingi vina tiba iwapo mzee atawahi.

Lipi ni la dharura?

Ganzi ikimjia ghafla upande mmoja wa mwili, mdomo ukapinda, mkono ukalegea au maneno yakaanza kumkwama, huenda ni kiharusi. Mkimbizeni hospitali saa hiyo hiyo, na msimpe kitu cha kumeza. Hali kadhalika miguu ikiishiwa nguvu ghafla, au akishindwa kuzuia haja. Ganzi inayoanzia vidoleni, miguu yote miwili, ikapanda taratibu kwa miezi, inaweza kusubiri siku ya kliniki. Ila isisubiri mwaka.

Inasababishwa na nini?

Mara nyingi ni mishipa ya fahamu, ile inayopeleka ubongoni habari za mguso, joto na maumivu. Kinachoiharibu zaidi kwa watu wazima ni kisukari, na wapo wanaogundulika na kisukari kwa sababu tu walikwenda kulalamikia miguu. Sababu nyingine ni pombe ya miaka mingi, dawa ya kifua kikuu iitwayo isoniazid, ukoma, na upungufu wa vitamini B12.

Mzee anakula vizuri, vitamini itapunguaje?

B12 hutengeneza damu na kulinda utando wa mishipa ya fahamu. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 2.4 tu kwa siku, na huipata kwenye ini, nyama, samaki, dagaa, mayai na maziwa. Mchicha, maharage na matunda vina faida zake, lakini B12 hamna. Kwa hiyo mzee anayeishi kwa ugali na mboga za majani yumo hatarini. Hata anayekula samaki kila siku anaweza kupungukiwa, kwa sababu umri ukienda tumbo hutoa asidi kidogo, na bila asidi hiyo vitamini haichomoki vizuri kwenye chakula. Dawa mbili za kawaida huongeza tatizo zikitumika muda mrefu: metformin ya kisukari, na omeprazole ya tumbo. Msizikatishe wenyewe, mwambieni daktari mzee amezitumia tangu lini.

Tuende wapi, na itagharimu nini?

Anzeni zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Pimeni sukari, kipimo ambacho ni rahisi na majibu yake hutoka papo hapo. Bebeni dawa zote za mzee kwenye mfuko, pamoja na za dukani na za kienyeji. Kwenye hospitali ya wilaya ombeni picha kamili ya damu, ambayo huonyesha kama damu ni pungufu na kama chembe zake nyekundu zimekuwa kubwa kupita kawaida, dalili mojawapo ya kukosa B12. Lakini picha ikiwa nzuri haimaanishi B12 inatosha. Kipimo cha B12 chenyewe mara nyingi hupatikana hospitali kubwa na maabara za mijini. Ulizeni bei kabla damu haijatolewa.

Kwa Tanzania, mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo amewekewa msamaha wa matibabu katika vituo vya serikali. Ulizeni utaratibu kwa mtendaji wa kijiji au mtaa, au kwa ofisa ustawi wa jamii hospitalini, na mwende na kitambulisho chake.

Kwa nini tusinunue vitamini tu?

Kwa sababu mnaweza kutibu kisichoumwa huku kisukari kikiendelea kula mishipa. Pia asidi ya foliki ikitumika peke yake huweza kurekebisha damu wakati mishipa inazidi kuharibika kwa kukosa B12. Na vitamini B6, iliyomo kwenye vidonge na sindano nyingi za mchanganyiko wa vitamini B, ikizidi kwa muda mrefu yenyewe huleta ganzi. Upungufu wa B12 ukithibitika, daktari huanza kwa sindano zinazofuatana, kisha moja kila baada ya miezi 2 au 3, au huandika vidonge vya dozi kubwa vya kila siku. Nguvu za mwili huweza kurudi mapema. Mishipa huchukua miezi, na ganzi iliyokaa muda mrefu huenda isiishe yote.

Nyumbani tufanye nini?

Mguu usiohisi hauna wa kuutetea. Kila jioni kagueni nyayo na katikati ya vidole, mkitafuta lengelenge, mwiba au kidonda. Maji ya kuoga ayapime mtu mwingine kwa kiwiko. Asiote miguu kwenye jiko la mkaa, maana ataungua asijue. Mnunulieni viatu vya kufunga nyuma, muwashe taa ya njia ya chooni, na mlo wake uwe na yai, dagaa au maziwa mara kwa mara. Kidonda chochote cha mguuni, hata kiwe kidogo kiasi gani, kipelekeni kituoni kikiwa bado kibichi.