Christophe na Njia ya Tourmalet

Kati ya nchi ya Ufaransa na nchi ya Hispania pana safu ya milima mirefu iitwayo Pyrenees. Mtu atakaye kutoka bonde moja kwenda bonde la pili hana budi kutafuta mahali ambapo mlima umeinama kidogo kati ya vilele, apite hapo. Mahali pamoja pa namna hiyo, upande wa Ufaransa, huitwa Tourmalet, napo pana urefu wa mita 2,115 juu ya bahari.

Mpanda baisikeli atokaye kijiji cha Sainte-Marie-de-Campan, upande wa mashariki, ana kilometa 17 za kupanda. Kwanza njia ni ya upole, nayo hupita kati ya malisho na nyumba za mawe. Kisha huingia msituni, na hapo kazi huanza. Ukikadiria njia nzima, kila mwendo wa mita 100 huinuka mita 7 na zaidi. Huko juu miti hukoma, hubaki majani mafupi, kondoo na ng'ombe, na miamba mitupu. Wakati wa baridi theluji huifunga njia kabisa. Mpandaji hutweta, na miguu humwuma. Lakini afikapo juu husahau taabu yake, maana huona vilele nyuma ya vilele, na njia aliyoipanda imejikunja chini yake kama nyoka. Vijito vya upande ule wa mashariki huingia mto Adour, ambao huzunguka mbali sana, ukapita mji wa Bayonne na kumwagika baharini.

Wengi hudhani ya kuwa kupanda ndiyo taabu na kuteremka ni raha tupu. Sivyo. Baisikeli ikiteremka kwa kasi hutikisika sana, na uma ulioshika gurudumu la mbele hupata mapigo yote ya njia. Sikilizeni sasa habari za mtu aliyeyajua hayo.

Mashindano makubwa ya baisikeli ya kuizunguka Ufaransa yalipita Tourmalet mara ya kwanza mwaka 1910. Siku zile njia ilikuwa ya mawe na vumbi. Mwaka 1913 washindani walitoka Bayonne kwenda Luchon, mwendo wa kilometa 326 kwa siku moja. Miongoni mwao alikuwamo Mfaransa jina lake Eugène Christophe. Alifika juu ya Tourmalet pamoja na watu wa mbele, na tumaini lake la kushinda mashindano yote lilikuwa kubwa. Lakini alipokuwa akiteremka, uma wa baisikeli yake ulivunjika.

Sheria ya mashindano ilikuwa kali: kila mtu aitengeneze baisikeli yake kwa mikono yake mwenyewe, asisaidiwe na mtu. Christophe akaitwika baisikeli begani, akashika gurudumu mkononi, akateremka kwa miguu kilometa 10 na zaidi, huku wenzake wakimpita mmoja mmoja. Akafika Sainte-Marie-de-Campan, akauliza kiwanda cha mhunzi. Mhunzi alikuwa tayari kumfanyia kazi ile, lakini waamuzi walikuwa wamesimama pale wakitazama. Basi Christophe akatia chuma motoni mwenyewe, akakifua mwenyewe. Bahati yake, alipokuwa kijana alifanya kazi ya kutengeneza makufuli, hata chuma hakikuwa kigeni kwake. Ila mtu ana mikono miwili tu. Hawezi kushika chuma, kupiga nyundo na kuvuta mivukuto kwa pamoja. Mtoto mmoja akamvukutia moto.

Kazi ilipokwisha, alikuwa amepoteza yapata saa nne. Ndipo waamuzi wakamwongezea dakika 10 za adhabu, kwa sababu ya yule mtoto. Baadaye wakazipunguza zikawa 3. Christophe hakuiacha baisikeli yake pale. Aliipanda tena, akavuka milima iliyobaki, akafika Luchon usiku. Mashindano yalipokwisha alikuwa mtu wa saba. Mshindi alikuwa Philippe Thys, Mbelgiji.

Christophe hakupata kushinda mashindano yale maisha yake yote. Lakini mwaka 1919, fulana ya manjano ya kumtambulisha aliye mbele ilipotolewa mara ya kwanza, alivikwa yeye. Na kijijini Sainte-Marie-de-Campan liko bamba la kumkumbuka, si kwa ushindi, bali kwa uma uliovunjika.

Wako wasemao waamuzi walimdhulumu. Wako wasemao sheria ni sheria, hata iwe chungu. Fikirini ninyi wenyewe. Jambo moja halina ubishi: wakati ule hakuna aliyemlazimisha kuendelea.

MASWALI
1. Kwa nini watu hupita Tourmalet, wasipite juu ya vilele vyenyewe?
2. Mtu akienda kilometa 2 katika njia iinukayo mita 7 kwa kila mita 100, amepanda mita ngapi?
3. Mhunzi alitaka kusaidia. Kwa nini Christophe alikataa?
4. Je, adhabu ya dakika 10 ilikuwa ya haki? Toa sababu zako.
5. Ni kazi gani uliyojifunza zamani ambayo ilikufaa siku usiyoitazamia?