Hakuna Jiko Gesti: Kumlisha Mtoto wa Mwaka Mmoja Hadi Miwili Mkiwa Kariakoo

Anayekuja Dar es Salaam kufunga mzigo Kariakoo hulala hapohapo Kariakoo. Wafanyabiashara wa Mbeya, Songea, Lubumbashi na Moroni huishia kwenye gesti za mitaa ya Sikukuu, Livingstone, Swahili na jirani zake, maana duka na kitanda viko hatua chache. Wengine wameletwa na jambo zito zaidi: mgonjwa wao yuko Muhimbili au Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, nao wanatafuta chumba cha bei nafuu kisicho mbali na Upanga. Wapo waliokuja na mtoto mgongoni. Chumbani kuna kitanda, feni, ndoo ya maji na, ukibahatika, birika la umeme. Jiko hakuna.

Basi mtoto hupewa biskuti asubuhi ili anyamaze, mchana akaonjeshwa chipsi, jioni akamaliziwa soda ya dada yake. Siku mbili za namna hiyo hazimwangushi mtoto mwenye afya. Wiki tatu za kungojea mgonjwa apangiwe siku ya upasuaji ni habari nyingine. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka 5 wamedumaa, na udumavu mwingi hujengeka katika umri huuhuu, kabla mtoto hajatimiza miaka miwili.

Mtoto wa umri huu anahitaji milo mitatu au minne kwa siku, na asusa moja au mbili katikati. Kila mlo uwe robo tatu ya kikombe hadi kikombe kizima cha mililita 250. Tumbo lake ni dogo; hawezi kufidia jioni alichokikosa tangu asubuhi. Kama bado ananyonya, mnyonyeshe kabla hujatoka kwenda madukani, ukirudi, na usiku. Ziwa la mama halihitaji jiko wala maji ya kuchemsha, na Shirika la Afya Duniani linashauri aendelee kunyonya hadi miaka miwili na zaidi.

Jiko lenu ni mama lishe

Msingojee njaa ndipo mtafute chakula. Siku ya kwanza, kati ya saa nne na saa tano asubuhi, zungukeni mitaa ya karibu na gesti. Saa hizo sufuria bado ziko motoni, na mtaona wenyewe kinachopikwa na namna kinavyopikwa. Mama lishe wa kumchagua anafunika vyakula, anabadilisha maji ya kuoshea vyombo, na ana sabuni mahali pa kunawia. Bei isiwe kigezo cha kwanza.

Kisha mzungumze naye. Ukimwambia, "Mama, shikamoo. Nina mtoto wa mwaka na nusu, tuko gesti ya hapo jirani wiki nzima. Naomba uniwekee maharage yake pembeni kabla hujatia pilipili na chumvi nyingi, nitakuwa nakuja saa sita," ni nadra akukatalie. Umempa mteja wa wiki nzima. Wengi wao ni wazazi pia, na huenda akakuongezea mchicha bila kuuliza. Ukitoka nyumbani na unga wako wa uji, mwombe akupikie asubuhi na umlipe mkaa wake.

Sahani moja ya wali, maharage na mchicha humtosha mama na mtoto mkijua kuigawa. Chukua bakuli la mtoto, weka vijiko viwili vitatu vya wali, halafu maharage yenyewe, siyo mchuzi wake tu. Yaponde kwa mgongo wa kijiko mpaka maganda yapasuke. Mchicha ukatekate, uchanganye. Kama kuna samaki, mchambue kwa vidole vilivyonawa, upapase kila kipande kutafuta miba, ndipo umtilie. Kosa tunaloliona mara nyingi ni kumlowekea mtoto wali kwenye mchuzi huku nyama ikiliwa na baba. Mchuzi ni maji yenye harufu ya nyama. Nguvu na madini ya chuma vimebaki kwenye pande lenyewe. Lichambue nyuzi nyuzi au likatekate, mpe na yeye. Maini ni bora zaidi, yaive vizuri.

Asubuhi, tafuteni mtori. Ndizi zilizopondwa pamoja na nyama ni kama zimetungwa kwa ajili ya mtoto asiye na magego, na migahawa mingi ya Dar hupika mtori. Uji wa barabarani nao unafaa, ila utazame kwanza: ukitiririka kwenye kijiko kama chai, mtoto atashiba maji. Unaotakiwa ni mzito, wenye maziwa au karanga zilizosagwa. Karanga zenye ukungu au ladha chungu zitupeni, msizichague kutafuta nzima. Sumukuvu haionekani kwa macho wala haiishi kwa kuchemsha, na mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara.

Na zege, yaani chipsi mayai? Tusidanganyane, mtoto akiliona ataling'ang'ania. Yai ni chakula kizuri, na kipande kidogo cha moto hakina neno mara mojamoja. Kachumbari ya kandokando usimpe. Yai la kuchemsha mlilomenya wenyewe ni bora zaidi na ni rahisi zaidi. Karanga nzima, korosho, bisi, pipi na soseji ya mviringo humkaba mtoto wa umri huu, hasa akila huku amebebwa mgongoni kwenye msongamano wa Mtaa wa Kongo, ambako hakuna anayemwona usoni. Akae chini ndipo ale.

Saa sita na saa kumi

Chakula kilekile cha mama lishe yuleyule kinaweza kuwa salama saa sita na kikawa hatari saa kumi. Kimekaa vuguvugu kwenye joto la Dar, na vijidudu huzaliana haraka katika hali hiyo. Nunueni kikiwa cha moto, mtoto ale ndani ya saa mbili. Alichobakiza kwenye bakuli, ambacho mate yake yameingia, kiliwe na mkubwa palepale au kitupwe. Kukiweka chini ya kitanda mpaka jioni ndiko kunakoleta kuhara kwa usiku.

Kwa asusa, ndizi mbivu na parachichi hazina mpinzani: zina ganda lake, na mnamenya wenyewe. Matunda yaliyokwisha kukatwa yapiteni, pamoja na juisi ya miwa na barafu yake.

Maji ya kunywa yawe ya chupa yenye lakiri nzima, au yaliyochemshwa mpaka yakatokota. Ombeni mapokezi wawajazie chupa ya chai kila jioni. Maziwa ya pakiti au ya kuchemshwa, kikombe kimoja hadi viwili kwa siku, yanatosha. Chai ya rangi isimpite kooni, kwa sababu inazuia mwili kupata madini ya chuma. Chupa ya chuchu iacheni nyumbani: gesti hamna pa kuichemshia. Kikombe na kijiko husafishika kwa sabuni na maji ya moto.

Akianza kuhara

Dar es Salaam ina historia ya kipindupindu. Mlipuko wa Agosti 2015 ulianzia hapa ukasambaa mikoani. Njooni na pakiti mbili za chumvichumvi za ORS kwenye begi. Pakiti ya lita moja ichanganywe na lita moja kamili ya maji salama, naye apewe robo hadi nusu kikombe kila anapohara, kijiko kwa kijiko. Akitapika, subirini dakika kumi mwendelee taratibu. Msimnyime chakula wala ziwa. Kwenye duka la dawa au kituo cha afya ombeni pia vidonge vya zinki, miligramu 20 kwa siku, kwa siku 10 hadi 14, hata kama kuhara kumekoma.

Akishindwa kunywa au kunyonya, akitapika kila kitu, akilegea, akipata degedege, macho yakididimia au choo kikiwa na damu, msingoje kupambazuke. Hospitali ya Mnazi Mmoja iko jirani na Kariakoo, ya Amana iko Ilala. Daktari wa huko hamjui mtoto wenu, kwa hiyo kadi yake ya kliniki, yenye uzito wake na chanjo zake, ikae kwenye pochi mnayotembea nayo, isibaki gesti kwenye begi.