Kupaka Rangi Chumba cha Kulala Katika Nyumba ya Mawe

Mtu akirithi nyumba ya zamani Mji Mkongwe, Zanzibar, huanza na chumba cha kulala, na safari yake ya kwanza huwa dukani kununua ndoo ya rangi ya maji. Chumba hung'ara. Masika yakishapita, rangi inavimba chini ya dirisha, inabanduka vipande vipande, na unga mweupe unadondoka sakafuni. Fundi anaitwa tena, naye anapaka tena palepale.

Rangi inaonewa bure. Kuta hizi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, nyingi zina unene wa nusu mita au zaidi, wala chini hazikuwekewa kizuizi cha unyevu. Maji hupanda kutoka ardhini yakiwa na chumvi, kisha hutafuta pa kutokea. Lipu ya chokaa huyaacha yatoke na kukauka. Saruji na rangi za plastiki huyafungia ndani, chumvi ikaganda nyuma yake na kusukuma kila kitu nje.

Kwa hiyo kazi huanza kwa kubomoa. Gonga ukuta kwa vidole: panapolia utupu, lipu imeachia. Ibandue kwa patasi na nyundo ndogo, kwa maana jiwe la matumbawe ni laini na nyundo kubwa hulivunja. Ukiwa hapo, inua macho kwenye boriti. Miti hiyo ya mikoko ndiyo iliyofanya vyumba vya kale kuwa virefu na vyembamba, kwani upana wa chumba hauwezi kuzidi urefu wa boriti. Huoza kwanza kwenye ncha zilizoingia ukutani, paa linapovuja. Ukikuta ncha zimeoza, weka brashi chini, umwite mtaalamu wa majengo ya kale. Desemba 25, 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la kale la hapohapo Mji Mkongwe, iliporomoka ukarabati ukiendelea, na watu wawili wakafariki. Majengo haya si ya kujaribia.

Milango na madirisha yana hatari yake. Rangi ya mafuta ya miaka mingi huenda ina madini ya risasi, ambayo Marekani iliipiga marufuku katika rangi za majumbani mwaka 1978. Usiipige msasa ikiwa kavu. Ilowanishe, vaa barakoa, na watoto wakae mbali mpaka vumbi lote lifutwe kwa kitambaa kibichi.

Kisha subiri, na hapa ndipo wengi wanaposhindwa. Ukuta uliovuliwa saruji unahitaji miezi kadhaa ya kukauka, ndiyo maana mimi hupendelea kuanza masika yanapokwisha, kipupwe kikiingia. Chumvi inayojitokeza ifagie kwa brashi kavu. Ukiiosha kwa maji, unairudisha ndani.

Lipu mpya ni sehemu moja ya chokaa iliyozimwa kwa sehemu tatu za mchanga. Usitumie mchanga wa ufukweni. Huko ni kujiletea chumvi kwa gari. Piga matabaka membamba membamba, kila moja kama sentimita moja, na uyanyunyizie maji yasikauke haraka. Chokaa hukomaa polepole kwa kuvuta hewa ya ukaa, na ikiharakishwa na jua hupasuka.

Ndipo upake rangi, nayo pia iwe chokaa, iliyokorogwa hadi iwe nyepesi kama maziwa. Lowanisha ukuta, tumia brashi pana badala ya rola, na vidaka vya ukutani uvimalizie kwa brashi nyembamba. Mkono wa kwanza utakukatisha tamaa kwa kuwa chokaa mbichi karibu haionekani. Weupe huja inapokauka. Mikono minne au mitano inatosha, kila mmoja ukiachwa ukauke. Anayetaka rangi aongeze unga wa rangi za udongo kidogo kidogo, ajaribu kwanza kwenye kona. Vaa miwani na glavu, kwani chokaa huunguza ngozi na inaweza kupofusha jicho.

Kitanda na kabati viache nafasi ya shibiri moja ukutani ili hewa ipite. Na fundi akikushauri aongeze kopo moja tu la saruji kwenye mchanganyiko "ili ikamate", mkatalie.