Akili bandia na shamba la muhogo

Swali: Nasoma kilimo, mwaka wa pili, kwetu ni Walikale, mashariki mwa Kongo. Umeme ni wa mashaka na intaneti ni ghali. Nitajifunzaje akili bandia itakayonisaidia kupata kazi?

Jibu: Anza na fani yako, ndugu. Ukiwa penye mtandao, pakua Nuru, programu ya PlantVillage. Baada ya hapo inatambua magonjwa ya majani ya muhogo kwa kamera ya simu bila intaneti, tena kwa Kiswahili. Ilifundishwa kwa maelfu ya picha zilizoainishwa na wataalamu, lakini inaweza kukosea, kwa hiyo ipime: chunguza majani ya mashamba ya Walikale na ya jirani Masisi, andika jibu lake, jibu la agronomu, na pale wanapotofautiana. Daftari hilo litamwonyesha mwajiri kwamba unajua kuipima mashine, si kuitii tu. Ukipata kompyuta, jifunze takwimu, kisha Python, lugha ya kuandikia programu.

Jambo moja zito, kwa kuwa kwetu kuna vita: ukitumia programu yoyote ya mazungumzo ya akili bandia, usiiandikie majina ya wakimbizi wa vita wala mahali walipo. Kwetu, siri hiyo hulinda uhai.