Somo la Minyoo Kabla ya Siku ya Dawa

Utangulizi

Katika shule nyingi za msingi nchini Tanzania, mwalimu hushirikiana na wahudumu wa afya kuwapa watoto dawa za minyoo. Mwanachuo anayehitimu leo huenda akakabidhiwa daftari la majina na kopo la vidonge kabla hajatimiza mwaka mmoja kazini. Yafaa basi ajiulize mapema: je, kazi ya mwalimu siku hiyo ni kugawa vidonge tu? Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kidonge kisichotanguliwa na somo hufanya nusu ya kazi, na kwamba somo lenyewe lina kiini kimoja ambacho mtoto wa darasa la nne anaweza kukielewa vizuri.

Maarifa ambayo mwalimu hana budi kuwa nayo

Minyoo wa tumbo wanaoenezwa kwa udongo ni wa aina tatu kuu: chango, mjeledi na safura. Mayai ya chango na ya mjeledi huingia kinywani kwa mikono michafu, na kwa mboga au matunda yasiyooshwa. Safura wana njia yao. Mayai yao huanguliwa udongoni, kisha vijinyoo wachanga hupenya ngozi, hasa ya nyayo zisizo na viatu. Wakifika katika utumbo hufyonza damu, na mtoto mwenye safura wengi hupungukiwa damu, akachoka upesi na kusinzia darasani.

Kiini cha somo ni hiki: minyoo hawa hawaongezeki ndani ya tumbo. Chango jike mmoja aweza kutaga mayai yapatayo 200,000 kwa siku, lakini mayai hayo hutoka pamoja na kinyesi, na hayawezi kumwambukiza mtu mpaka yakae udongoni kwa majuma mawili au zaidi. Kwa hiyo kila mnyoo aliyemo tumboni mwa mtoto aliingia kutoka nje. Mwenye minyoo ishirini, wote ishirini waliingia kutoka nje.

Dawa zitumikazo ni albendazoli ya miligramu 400 au mebendazoli ya miligramu 500, kidonge kimoja kwa mtoto wa umri wa shule. Shirika la Afya Duniani hushauri dawa itolewe mara moja kwa mwaka mahali ambapo watoto 20 au zaidi katika kila 100 wana minyoo, na mara mbili pale wanapozidi 50. Watoto wote hupewa bila kupimwa choo, kwa kuwa dawa ni salama na bei yake ni ndogo kuliko gharama ya kumpima kila mmoja. Hata hivyo, dawa huwaua minyoo waliomo tumboni, wala haimkingi mtoto na watakaoingia kesho. Uchunguzi uliofanywa kisiwani Pemba katika miaka ya 1990 ulionyesha kuwa watoto wengi waliotibiwa walipata minyoo tena baada ya miezi michache.

Andalio la somo

*Shabaha:* Mwanafunzi aweze kueleza kwa nini mtu aliyetibiwa hupata minyoo tena, na kutaja mambo mawili yanayozuia hali hiyo.

*Zana:* Sinia, punje za mchele, maharage, kibuyu au kopo tupu, na kadi mbili zilizoandikwa CHOO na KUNAWA.

*Hatua ya kwanza.* Waulize wanafunzi minyoo hutoka wapi. Wengine watasema huletwa na kula vitu vitamu. Andika majibu yote ubaoni bila kumcheka yeyote, mtayarudia mwishoni.

*Hatua ya pili.* Sinia ni udongo, mchele ni mayai, kibuyu ni tumbo, maharage ni minyoo. Weka punje 10 katika sinia. Kila duru, mwanafunzi aondoe punje 2, yaani amezimeza, na badala yake atie maharage 2 katika kibuyu. Kisha kwa kila haragwe lililomo kibuyuni, aongeze punje 3 katika sinia. Baada ya duru tatu kibuyu kitakuwa na maharage 6, na sinia punje 40. Hesabu iandikwe ubaoni.

*Hatua ya tatu.* Tangaza kwamba ni siku ya dawa. Mwanafunzi amwage maharage yote. Uliza: “Sasa sinia ina nini?” Waache watazame wenyewe. Punje 40 zimo vilevile. Endeleeni kwa duru mbili: kibuyu kitarudi kuwa na maharage 4, na sinia itafikia punje 54.

*Hatua ya nne.* Rudini kwenye siku ya dawa, kibuyu kikiwa tupu na sinia ikiwa na punje 40. Weka kadi ya CHOO: hakuna punje inayoongezwa. Weka kadi ya KUNAWA: punje inayomezwa kila duru ni 1 tu. Baada ya duru mbili maharage ni 2 na punje ni 38. Wanafunzi walinganishe 54 na 38, na waseme wenyewe nini kimeleta tofauti. Hapo ndipo urudi kwenye majibu ya ubaoni. Kumbusha pia kwamba kwa safura, viatu ndivyo vinavyofunga mlango.

*Tathmini.* Usiishie kuuliza aina tatu za minyoo. Uliza hivi: “Juma alimeza dawa mwezi Januari. Mwezi Juni alikutwa na minyoo tena. Je, dawa ilikuwa mbovu? Eleza.”

Siku ya dawa na wazazi

Waite wazazi siku chache kabla. Mzazi anayeyaita maradhi ya tumbo “mchango” ana maarifa yake, na wajibu wetu ni kuanzia hapo bila kumdharau. Mweleze mapema kwamba mtoto mwenye minyoo wengi aweza kuumwa tumbo kidogo au kusikia kichefuchefu, na huenda akatoa minyoo chooni. Asiyeambiwa haya atadhani mtoto wake amepewa sumu, na mwaka unaofuata hatamleta.

Siku yenyewe, mtoto atafune kidonge vizuri na apewe maji safi. Anayelia au kukataa asilazimishwe kamwe, kwani aweza kupaliwa, na kupaliwa kunaweza kuua. Aliye mgonjwa siku hiyo aonwe kwanza na mhudumu wa afya. Pale ambapo dawa ya kichocho pia hutolewa, ile ni dawa nyingine, prazikwanteli: hupimwa kwa uzito au urefu wa mtoto, naye huwa amekwisha kula. Tena mwalimu asimsimamishe mbele ya wenzake mtoto mwenye tumbo kubwa ili awe mfano wa somo. Aibu hiyo hukaa muda mrefu kuliko minyoo.

Hitimisho

Mtoto aliyecheza mchezo wa sinia na kibuyu atatoka darasani akatafute maji ya kunawa. Asipoyapata, na choo cha shule kikawa hakiingiliki, atajua kwamba tuliyosema hatukuyaamini. Kwa hiyo, ndugu mwanachuo, uendapo katika mazoezi ya kufundisha, kabla hujaandika andalio la somo hili nenda kakitazame choo cha wanafunzi. Kisha watundikieni watoto kibuyu chirizi na kipande cha sabuni karibu na mlango wake. Hiyo ndiyo zana ya kwanza ya somo la minyoo, nayo itaendelea kufundisha baada ya ubao kufutwa.