Mdogo Wangu, Usiuze Chai Peke Yako

Kaa hapa karibu nami, mdogo wangu, leo nina neno nawe, na usininunie. Wengi wenu mnaouza chai na mahamri pale Garsen, na kule Minjila barabara ya Hola na ya Lamu zinapoachana, mnanirudishia swali lilelile: "Dada, chama cha biashara kitanipa nini? Naamka saa kumi alfajiri mwenyewe, nawasha jiko mwenyewe, nauza mwenyewe. Nikagawane na nani?"

Swali hilo silichukii. Aliyehangaika peke yake huona jasho lake ni lake, na ana haki. Lakini hebu tuulizane. Ukiumwa siku tatu, nani anaweka birika motoni? Askari wa kaunti akikwambia hamisha kibanda kufikia jioni, unamjibu na nani? Bwana afya akitaka cheti cha afya cha mpika chakula, unajulia wapi kwamba chahitajika kabla hajakusimamia kichwani? Na mwenye duka akipandisha bei ya majani, wasema nini, wewe unayenunua kipakiti kimoja kila asubuhi kwa bei ya rejareja? Wanyamaza, wanunua, kisha wapunguza majani birikani. Mteja naye ana ulimi. Kesho atakunywa kwa jirani.

Sasa nikwambie habari ya hayo majani. Hayakumea Tana River. Yametoka nyanda za juu, Kericho, Nandi, Murang'a, Nyeri, Meru. Chai ya Kenya iliyo nyingi huuzwa mnadani Mombasa, na mnada ule una wenyewe: muungano wa wafanyabiashara wa chai wa Afrika Mashariki, unaojulikana kwa herufi EATTA. Ulianzishwa mwaka 1956. Mnada ulianzia Nairobi, ukahamia Mombasa mwaka 1969. Ndani yake wamo wazalishaji, madalali, wanunuzi, wenye maghala na wapakiaji. Na si Wakenya pekee, hata chai ya Uganda na Rwanda hupigwa mnada palepale.

Fikiri, mdogo wangu. Mwenye kiwanda anataka bei ipande, mnunuzi anataka ishuke, dalali yuko katikati na kamisheni yake. Hao kwa kawaida wangekuwa maadui. Lakini waliona kila mmoja akienda kivyake, watadanganyana mpaka biashara ife. Basi wakaweka kanuni. Chai hupangwa kwa madaraja, sampuli hupelekwa kwa wanunuzi wakaionja kabla ya siku ya mnada, bei iliyopatikana hujulikana, malipo yana muda wake, na ugomvi ukizuka kuna pa kuupeleka. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Watu wenye maghala yaliyojaa hawakuthubutu kuuza peke yao. Wewe mwenye birika mbili na chupa tatu za chai wajitoshea kwa lipi?

Najua utakaponikatiza. Utasema, "Basi tuungane tupandishe bei ya kikombe." Polepole! Hapo ndipo wengi huteleza. Julai 2021 KTDA, inayouza chai ya wakulima wadogo, iliweka bei ya chini mnadani, dola 2.43 kwa kilo, kwa nia njema ya kumlinda mkulima. Wanunuzi hawakulazimishwa kununua. Chai nyingi ikabaki bila mnunuzi, ikarundikana maghalani, na hatimaye bei ile ikaondolewa. Abiria wa Lamu naye ni vivyo hivyo, akiona chai ya Garsen imekuwa ghali atakunywa Malindi. Tena sheria ya ushindani ya mwaka 2010 inakataza wafanyabiashara, hata wakiwa ndani ya chama, kukaa wakapanga bei ya kumbana mteja. Kwa hiyo usiingie chamani na ndoto hiyo, itakuletea aibu. Bei ya kikombe chako panga mwenyewe.

Faida ziko kwingine, na ni kubwa kuliko ya kupandisha bei. Mkinunua majani na sukari pamoja, mnanunua kwa katoni na kwa gunia, bei ya jumla. Mkiwa na cheti cha usajili, mlango wa ofisi unafunguka. Kuna Hazina ya Wanawake iliyoanza 2007, kuna Hazina ya Uwezo iliyozinduliwa 2013, na fedha hizo hutafutwa na vikundi vilivyosajiliwa. Kisha kuna hili ambalo wengi wenu hamlijui, nalo linaniuma: asilimia 30 ya zabuni za serikali imetengwa kwa biashara za vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Ofisi za kaunti hufanya mikutano, na kwenye mikutano watu hunywa chai. Kwa nini chai hiyo ipikwe na mtu wa mbali nanyi mpo? Lakini ofisi haimlipi fulani wa kibanda cha kijani. Inataka jina lililosajiliwa, akaunti ya benki na karatasi za kodi.

Halafu kuna jambo la moyo. Mlioishi Tana Delta mwaka 2012 hadi mwanzo wa 2013 mnayajua mapigano ya jamii yaliyotufika, sina haja ya kutonesha kidonda. Nitasema hili tu. Chai ya maziwa ya Garsen haipikwi na jamii moja. Maziwa huletwa na mama wa Kiorma, ndizi na maembe huja na mama wa Kipokomo kutoka mashamba ya mtoni, na wote hukutana kwenye jiko lako. Chama cha biashara kinachowakalisha hao katika mkeka mmoja, wakahesabu pesa pamoja, huwafanya wajuane kwa majina ya watoto. Siku uvumi mbaya ukipita sokoni, mwenye namba ya simu ya mwenzake atampigia kwanza kabla hajaamini. Mimi hilo naliweka juu ya mkopo wowote. Tena mafuriko nayo hayabagui. Novemba 2023 maji yalipokata barabara ya Lamu, magari yalisimama na chai ikakosa mnywaji. Mwenye akiba ya pamoja hupata pa kuanzia maji yakipungua. Asiye nayo huuza birika.

Sasa nikugombeze kidogo, maana nakupenda. Unaogopa chama kwa sababu mweka hazina wa kile cha zamani alitoweka na pesa za watu. Najua, umeumia, na si wewe peke yako. Lakini niambie ukweli, mliwahi kudai kuona daftari? Mlikuwa na kumbukumbu za mikutano? Pesa zilikaa benki au zilikaa kwenye simu ya mtu mmoja? Mali bila daftari hupotea bila habari. Mlimwachia mtu mmoja kila kitu kwa kumwonea haya kumuuliza, kisha mkalia. Haya ya namna hiyo imewala wanawake wengi wa pwani yetu. Pesa zitolewe kwa saini zaidi ya moja, hesabu isomwe kwa sauti kila mkutano, viongozi wachaguliwe na wawe na muda wa kuondoka. Anayekasirika akiulizwa hesabu, usimkabidhi hata kijiko.

Wala usijiunge leo na kutegemea mgao kesho. Anayeingia chamani akinyoosha mkono tu huwachosha wenzake, na mwezi wa tatu amekwisha kununa. Lipa ada yako, hudhuria, sema unalolijua. Na masengenyo yaache nje. Ukiwa na neno na mwenzako, mwambie usoni mkutanoni, si kwa mteja wake.

Sheria ya vyama vya ushirika yataka watu kumi tu. Mkiona ushirika ni mzito kwa kuanzia, kikundi husajiliwa katika ofisi ya Maendeleo ya Jamii, mkiwa na katiba yenu, majina ya viongozi na kumbukumbu za mkutano mlioamua kuungana. Basi jioni ya leo, ukishaosha vikombe, usikimbilie nyumbani. Mwite mwenye jiko la jirani, mwiteni na mama wa maziwa, mwandike majina kumi, na yule uliyemnunia tangu mwaka jana awe wa kwanza.