Kuhubiri Madibira: Watauliza Umekuja na Nani

Kiserikali Madibira ni kata ya Wilaya ya Mbarali, mkoani Mbeya, lakini barabara yake inapanda hadi Mafinga, Iringa, na watu wake wametoka kila upande. Msangu na Mhehe wana makaburi ya babu zao huku. Mbena, Mkinga na Mnyakyusa walifuata mpunga wa skimu inayotumia maji ya Mto Ndembera. Msukuma na Mmasai walifuata malisho ya Usangu. Mkatoliki, Mlutheri, Mpentekoste na Mwislamu wanapakana majaruba na kupokezana zamu ya maji.

Nimewaona wainjilisti wakishusha spika na jenereta hapa, kisha wakaondoka wakilalamika kwamba wenyeji ni wagumu. Wagumu wapi! Walikuwa shambani. Mpunga ukishatoa masuke, familia nzima inalinda ndege tangu alfajiri hadi magharibi, na mkutano wa saa tisa alasiri unabaki na watoto na wapita njia. Anayeijua kazi hii huanza kwa kuuliza msimu, halafu ndipo apange ratiba. Wakati wa kwelea kwelea yeye hupanda dunguni na mwenyeji wake, wakapiga madebe pamoja. Mlinzi wa ndege hana haraka ya kwenda popote, na maswali magumu kuhusu Mungu huyauliza pale bila kuona haya mbele ya umati.

Lakini kabla ya hayo yote kuna swali ambalo mwenyeji hulijibu kimoyomoyo: huyu amekuja na nani?

Wabenediktini wa Mtakatifu Ottilien walilikuta swali hilo walipofungua misheni Madibira mwaka 1897. Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alikuwa bado anapigana na Wajerumani. Alikufa Julai 1898. Mzungu mwenye msalaba alikuwa na kazi ya kuonyesha kwamba si mwenzake Mzungu mwenye bunduki. Baadhi yao walijitahidi kweli. Padre Cassian Spiss, aliyefanya kazi Uhehe kabla ya kuanzisha Peramiho mwaka 1898, alikusanya msamiati wa Kihehe, ukachapishwa Berlin mwaka 1900. Bado, Agosti 1905, akiwa askofu, aliuawa na wapiganaji wa Maji Maji karibu na Liwale. Juhudi zake za lugha hazikumtenganisha na serikali iliyokuwa ikitoza kodi na kulimisha pamba kwa nguvu.

Wanaohubiri leo wana majaribu yaleyale kwa sura nyingine. Mwinjilisti asifike kwenye gari la mgombea, wala la mtu anayetafuta ardhi. Kwa mfugaji aongeze tahadhari: mwaka 2006 wafugaji walihamishwa kutoka Ihefu na mifugo yao, na kumbukumbu ile haijapoa. Mgeni anayetoa daftari na kuanza kuandika majina na idadi ya watoto anafanana mno na mhesabu ng'ombe. Daftari libaki kwenye begi. Apitie kwanza kwa mwenyekiti wa kitongoji, kisha kwa wazee wa boma, akae anapoonyeshwa, anywe anachopewa, na mama wa nyumba asitembelewe akiwa peke yake.

Kwa Wamasai kuna mfano ambao kila mwinjilisti angepaswa kuusoma. Padre Vincent Donovan, Mmarekani wa Shirika la Roho Mtakatifu, aliona Loliondo katikati ya miaka ya 1960 kwamba shule na hospitali za misheni zilijaa Wamasai, ila karibu hakuna aliyekuwa akizungumza nao habari za Mungu. Akaenda boma kwa boma akifundisha. Ulipofika wakati wa ubatizo alitaka kuwaengua waliokosa vipindi na wazito wa kuelewa. Mzee mmoja, Ndangoya, akamzuia: waliojua walikuwa wamewasaidia wasiojua, na boma zima lilikuwa limeamini kwa pamoja. Donovan akakubali, na mwaka 1978 akayasimulia katika kitabu. Mimi naona mzee yule alikuwa sahihi. Kumtenga kijana mmoja na rika lake ili aokoke peke yake ni njia ya haraka ya kupata muumini mmoja na kupoteza boma.

Kwa jirani Mwislamu, mihadhara ya kulinganisha vitabu iachwe. Tuliishuhudia Tanzania miaka ya 1980 na 1990, ikazaa chuki kuliko waumini. Ibara ya 19 ya Katiba inampa kila mtu uhuru wa kueneza dini yake, na inaiacha imani iwe hiari ya mtu. Yote mawili yanamhusu mhubiri. Msiba ukitokea, mwinjilisti akachote maji, apasue kuni na asubiri. Hahubiri isipokuwa ameombwa na wafiwa.

Jambo la mwisho ni msaada. Kanisa likiwa na mbolea au mbegu za kusaidia wakulima, ligawe kupitia serikali ya kijiji, kwa Mkristo na asiye Mkristo sawasawa, na siku hiyo isiwe ya ubatizo wala ya kuandikisha wakatekumeni.